Shimo Lisilo la Moto: Kreta ya Copernicus na Majirani Zake Mwezini

(Hotuba hii ilitolewa mjini Goma mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi, kabla ya kutoka uwanjani kuutazama mwezi. Imeandikwa hapa karibu kama ilivyosemwa.)

Walimu wenzangu, baba na mama wazazi, na ninyi wanafunzi ambao shughuli hii ni yenu, nawasalimu nyote.

Nilipoombwa kuzungumza juu ya mwezi, niliona kwamba kuueleza mwezi wote kwa saa moja ni sawa na kuieleza Kongo yote kwa muda huohuo: msemaji atataja mengi, na msikilizaji atarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo nitasema juu ya shimo moja tu, pamoja na majirani zake. Shimo hilo, au kreta kama wanavyosema wanajiolojia, huitwa Copernicus. Mwezi wa leo una siku kumi hivi tangu uandame, na maana yake ni kwamba jua lilichomoza juu ya Copernicus jana tu, kwa hiyo ukuta wake wa mashariki bado unatupa kivuli kirefu sakafuni. Jioni ya namna hii huja mara moja kwa mwezi, na mawingu ya Goma yakituhurumia, tutafaidi.

Jina lenyewe lina kisa chake. Mwaka 1651 padri Mjesuiti wa Italia, Giovanni Battista Riccioli, alichapisha ramani ya mwezi na kugawa majina ambayo tunayatumia hadi leo. Kanisa wakati ule halikukubali fundisho la Copernicus, mwananajimu wa Poland, kwamba dunia inalizunguka jua, na Riccioli naye aliandika kulipinga. Hata hivyo, alipofika kwenye shimo hili, ambalo ni miongoni mwa yale yanayong'aa na kuvutia kuliko yote, alimpa Copernicus, huku akisema kwamba anamtupa katika Bahari Kuu ya Dhoruba, yaani uwanda mweusi wa mwezi ambamo shimo hilo limo. Kila mtu na aamue mwenyewe kama hiyo ilikuwa adhabu au heshima iliyofichwa.

Ninayo sababu yangu ya kulichagua shimo hili. Kila ninapompa mwanafunzi wa mji huu darubini na kumwelekeza huko, jibu lake la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, ile ni volkano." Hasemi huenda, wala haulizi. Sijawahi kulicheka jibu hilo, kwa maana limetoka kwa mtoto aliyelelewa chini ya mlima wa Nyiragongo, anayejua kwamba shimo la duara lenye kuta zilizosimama ni mdomo wa mlima wa moto, na ambaye nyumba yao pengine imejengwa kwa mawe meusi yaliyotoka katika mdomo huo. Jibu lake ni kosa, lakini ni kosa lenye heshima zake: wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walilishikilia kwa karibu miaka mia tatu. Ninachotaka kuwaonyesha jioni hii ni kwamba ujuzi uleule wa mawe unaomfanya mtu wa Goma akosee anapolitazama shimo la Copernicus ndio unaomwezesha kujisahihisha mwenyewe.

Tuanze na ukubwa, kwa sababu macho hayawezi kuukadiria. Copernicus ina upana wa kilomita 93 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Ndege akiruka moja kwa moja kutoka hapa hadi Bukavu atakwenda kilomita zinazokaribia 100. Lichukueni basi Ziwa Kivu lote, ambalo urefu wake ni kilomita 90 hivi, mlilaze ndani ya shimo hilo pamoja na kisiwa cha Idjwi, nalo litaenea. Kina chake ni karibu kilomita 3.8. Nyiragongo una mita 3,470 kutoka usawa wa bahari, lakini Goma yenyewe iko kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo mlima tunaouona tukiwa hapa hauzidi mita 2,000. Ukuta wa Copernicus una kimo cha karibu Nyiragongo mbili zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Na mdomo wa Nyiragongo, ambao mtu akiufikia kwa miguu baada ya nusu siku ya kupanda hudhani amefika mwisho wa ulimwengu, una upana wa kilomita moja na robo hivi.

Ukubwa peke yake, hata hivyo, hauthibitishi kitu. Toba, kule Indonesia, ni shimo la volkano lenye urefu wa kilomita 100, na hakuna anayelikana. Lazima tutafute ushahidi mwingine.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alifanya majaribio mawili ambayo mtoto yeyote wa hapa angeweza kuyafanya uani kwao. Katika la kwanza aliangusha risasi za bunduki ndani ya udongo laini uliolowa, yaani potopoto, akaona zimeacha mashimo ya duara yenye kingo zilizoinuka. Katika la pili alichemsha unga wa alabasta, yaani jiwe jeupe laini, akaona kwamba mapovu yakipasuka huacha mashimo ya namna hiyohiyo. Alikuwa na majibu yote mawili mezani pake, na akachagua mapovu, yaani moto wa ndani. Tusimlaumu upesi. Wakati ule watu walidhani anga kati ya sayari ni tupu, na Hooke hakuona mawe ya kuupiga mwezi yangetoka wapi. Asteroidi ya kwanza, yaani gimba la mawe linalolizunguka jua, iitwayo Ceres, iligunduliwa mwaka 1801, na wasomi wa Ufaransa hawakukubali kwa moyo mmoja kwamba mawe huanguka kutoka angani mpaka mwaka 1803, mawe mengi yalipomiminika karibu na mji wa L'Aigle.

Aliyeuona ufa katika hoja ya volkano ni Mmarekani Grove Karl Gilbert, mjiolojia aliyezoea kutembea milimani kuliko kukaa kwenye darubini. Aliutazama mwezi mwaka 1892, na mwaka uliofuata akaandika jambo ambalo lingepaswa kuumaliza ubishi. Fikirini mdomo wa Nyiragongo. Ili uufikie ni lazima upande, kwa sababu volkano hujijenga: kila inapotapika, huongeza kimo chake, na shimo hukaa kileleni kama mdomo wa mtungi. Hata mahali pa chini kabisa ndani ya shimo la Nyiragongo pako juu sana kuliko mitaa ya Goma. Copernicus ni kinyume kabisa. Ukingo wake umeinuka mita 900 hivi tu juu ya tambarare inayouzunguka, na sakafu yake iko chini sana kuliko tambarare hiyo. Hakuna mlima pale. Mtu anayetoka nje kuja ndani hupanda kilima kisha hushuka, hushuka, hushuka. Kitu kilichokuwa mahali pale hakikujengwa kutoka chini; kilichimbwa kutoka juu.

(Gilbert huyohuyo alikwenda jimbo la Arizona kulichunguza shimo ambalo leo tunajua kwa hakika lilichimbwa na kimondo, akaondoka akiwa ameamua kwamba ni kazi ya mvuke wa volkano. Mtu anaweza kuwa sahihi kwa jambo lililo kilomita 384,000 kutoka kwake na akakosea nchini mwake.)

Hoja yake ilikwama mahali pamoja. Ikiwa mashimo ya mwezi yamechimbwa na mawe kutoka angani, na mawe hayo huja kutoka pande zote, mengi yao kwa mshazari, kwa nini karibu mashimo yote ni ya duara? Ukitupa jiwe kwa mshazari kwenye potopoto, hupati duara, unapata mfereji. Jibu lilipatikana mara mbili. Mwaka 1916 Ernst Öpik, mwananajimu wa Estonia, alilieleza kwa Kirusi, na karibu hakuna aliyesoma. Mwaka 1924 alilieleza upya A. C. Gifford, ambaye alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji wa Wellington, New Zealand. Walimu wenzangu, hilo nimelitaja kwa makusudi.

Jibu lao ni kasi. Kila mtu hapa anaijua chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Chukudu iliyobeba magunia ya makaa ikisukumwa polepole hukukwaruza mguu tu. Chukudu ileile ikishuka mteremko bila breki huua. Uzito haukubadilika, kasi imebadilika, na kasi ikizidi mara mbili nishati huzidi mara nne. Kimondo kinachoupiga mwezi huja kwa kasi ya kilomita kama 20 kwa sekunde moja, yaani kingetoka hapa na kufika Bukavu kwa sekunde tano. Kwa kasi hiyo kila kilo moja ya jiwe hubeba nishati inayokaribia ile ya kilo 50 za baruti ya TNT. Jiwe la namna hiyo halichimbi kama jembe. Linaingia, linasimama ghafla, na nishati yote inageuka kuwa mlipuko. Mlipuko haujali jiwe lilitokea upande gani. Mji wetu unajua mashimo ya mabomu kuliko unavyostahili kujua, na aliyewahi kuliona moja anajua kwamba ni la duara, popote bomu lilipotokea. Sitaendelea na mfano huo.

Sasa tunaweza kukisimulia kisa chenyewe. Kimondo chenye upana wa kilomita kadhaa kiliipiga tambarare ya lava iliyokuwa imeganda zamani. Kwa sekunde chache kilifungua shimo lenye kina kuliko hili tunaloliona leo, na mawe yaliyokuwa pale yakarushwa, yakapondwa, mengine yakayeyuka. Kisha chini ya shimo ikarudi juu. Mkitaka kuliona jambo hili, nendeni ufukweni mvua inapoanza kunyesha, mtazame tone moja linavyoangukia maji yaliyotulia: maji hubonyea, halafu katikati huinuka nguzo ndogo. Mwamba uliopigwa kwa nguvu ile ulifanya kama maji kwa kitambo kidogo, ukainuka, ukaganda ukiwa umesimama. Ndivyo vilivyopatikana vilele vya katikati ya Copernicus, ambavyo kirefu chake kina kimo cha mita 1,200 hivi. Wakati huohuo kuta, ambazo hazikuweza kujibeba, zilianguka ndani vipande vipande na kuacha ngazi kubwa zinazofuatana kuzunguka shimo lote. Aliyepita katika milima ya Masisi na kuona matuta ya mashamba yanavyokatwa kwenye mteremko anayo sura yake, ila tuta moja la Copernicus lina upana wa kilomita kadhaa. Mawe yaliyoyeyuka yalitiririka sakafuni na kuganda, ndiyo maana nusu ya kaskazini ya sakafu ni laini kuliko nusu ya kusini. Kazi yote hiyo ilikuwa ya dakika, si ya miaka.

Vilele vile vya katikati vina thamani nyingine. Kwa kuwa ni mwamba ulionyanyuliwa kutoka kilindini, vinatuonyesha kitu ambacho hakuna mashine iliyowahi kuchimba huko. Mwaka 1982 mtaalamu wa Marekani Carle Pieters, akichunguza mwanga wa jua unaorudishwa na vilele hivyo, aligundua kwamba vina madini ya olivini kwa wingi. Olivini si mgeni kwetu: ni zile punje za kijani zinazoonekana katika mawe mengine ya Nyamulagira, volkano jirani ya Nyiragongo.

Dunia nzima iliviona vilele hivyo kwa karibu mwezi wa Novemba 1966, chombo kisicho na mtu kiitwacho Lunar Orbiter 2 kilipopita kilomita 45 tu juu ya ardhi ya mwezi na kupiga picha ya Copernicus kwa mshazari, kama mtu anayechungulia kutoka dirisha la ndege. Wengine waliiita picha ya karne. Kabla yake Copernicus ilikuwa duara linalotazamwa kutoka juu. Baada yake ikawa nchi yenye vilima na mabonde.

Ninafika sasa kwenye majirani, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu shimo likitazamwa peke yake haliwezi kusema umri wake, lakini majirani huutaja.

Hapa Goma tunaisoma historia kwa kuangalia kipi kimelala juu ya kipi. Barabara ya Rutshuru ilikuwapo. Lava ya Mei 2021 ikaikata na kulala juu yake. Kisha watu wakapitisha njia mpya juu ya lava. Hata mgeni ambaye hajasimuliwa anaweza kuupanga mfululizo huo: barabara ya zamani, lava, njia mpya. Katikati ya mji yako majengo ambayo lava ya Januari 2002 iliyazamisha ghorofa ya chini, na iliyokuwa ghorofa ya kwanza ikawa ndiyo ya kuingilia kutoka mtaani. Hahitajiki mtu wa kueleza kwamba jengo lilitangulia na lava ikafuata. Kanuni ni hiyo tu: kilichofunika ni kipya kuliko kilichofunikwa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960 Wamarekani Eugene Shoemaker na Robert Hackman waliichukua kanuni hiyo na kuipeleka mwezini, na mahali walipoanzia palikuwa hapahapa, eneo la Copernicus. Tuwafuate. Kaskazini mwa Copernicus kuna milima iitwayo Carpatus. Milima hiyo ni kipande cha ukingo wa bonde kubwa mno, lenye upana unaozidi kilomita 1,100, lililochimbwa na pigo moja la zamani, karibu miaka bilioni 3.9 iliyopita. Huo ndio msingi wa jengo. Baadaye lava ilitoka katika nyufa, ikalijaza bonde, ikazimeza nyayo za milima na kuenea kusini na magharibi. Uwanda huo mweusi ndio watu wa kale waliuita bahari: Bahari ya Mvua upande wa kaskazini, Bahari Kuu ya Dhoruba upande wa magharibi. Hayakuwa maji kamwe. Ni basalti, ndugu wa karibu wa mawe haya meusi tunayoyakanyaga, na ilitiririka kwa wepesi uleule unaoifanya lava ya Nyiragongo iogopwe.

Mashariki mwa Copernicus kuna shimo la kale liitwalo Stadius, lenye upana wa karibu kilomita 70, lakini msipoambiwa mnaweza kulipita bila kuliona. Lava ililizamisha mpaka kikabaki kimzingo cha vilima vifupi vilivyokatika-katika. Ni jengo letu la 2002, ila hapa hata paa limekaribia kuzama. Kisha, mbele kidogo, kuna Eratosthenes, lenye upana wa kilomita 58, kina kizuri, kuta kamili, vilele katikati. Hakuna lava iliyoingia humo, kwa hiyo Eratosthenes lilichimbwa baada ya lava kuganda.

Sasa litazameni Copernicus lenyewe. Kutoka kwake inatoka miale myeupe, mingine ikienda mamia ya kilomita, na pamoja na miale kuna minyororo ya vishimo vidogo vilivyopangana kama shanga. Shoemaker alipiga hesabu za njia za mawe yanayorushwa, akaonyesha kwamba vishimo hivyo vilichimbwa na vifusi vya Copernicus vilivyokuwa vikianguka. Miale na vishimo vimetapakaa juu ya lava, juu ya mabaki ya Stadius, na juu ya Eratosthenes pia. Mfululizo umekamilika: milima ya Carpatus, lava, Eratosthenes, na mwisho Copernicus. Hadi leo vipindi vitatu vya mwisho vya historia ya mwezi wote huitwa kwa majina ya mtaa huu mmoja: kipindi cha Imbrium, yaani lile bonde kubwa la Bahari ya Mvua, cha Eratosthenes na cha Copernicus. Mtaa mdogo umeipa nchi nzima kalenda yake.

Mnaweza kuuliza kwa nini Eratosthenes halina miale. Ilikuwapo, lakini imefifia. Upepo wa jua, yaani chembe ndogo mno zinazorushwa na jua, na vumbi la vimondo vidogo vinavyonyesha bila kukoma huugeuza udongo mpya mweupe kuwa mweusi polepole, kama chokaa ya ukuta wa jiko. Jambo hili tulilijaribu darasani kwa gharama ndogo. Tulitandaza unga wa muhogo katika beseni, tukaufunika kwa tabaka jembamba la vumbi jeusi la lava, tukaangusha kokoto kutoka juu ya meza. Unga ulirukia nje katika mistari myeupe iliyotoka katikati, sawasawa na mlivyoona kwenye picha. Halafu wale wa benchi la nyuma walinyunyiza vumbi jeusi kidogo kidogo kutoka juu, na miale ikapotea mbele ya macho yetu huku shimo likibaki. Mama mmoja aliniuliza baadaye nani angeulipia unga wake, na nililipa mimi.

Kalenda hii ya kupangana ilieleza nani alitangulia nani, lakini haikutoa idadi ya miaka. Idadi ilitafutwa kwa mikono. Tarehe 19 Novemba 1969 Pete Conrad na Alan Bean wa safari ya Apollo 12 walitua karibu kilomita 400 kusini mwa Copernicus, mahali panapopitiwa na mojawapo ya miale yake. Katika udongo waliourudisha kulikuwa na chembe za kioo zilizoyeyushwa na pigo, na vipimo vya maabara vilizipa umri wa miaka milioni 800 hivi. Ndiyo namba inayotajwa vitabuni. Mimi huitaja kwa sharti moja, kwamba inasimama juu ya dhana kuwa mwale ule ni wa Copernicus kweli. Njia ya uhakika ingekuwa kuchukua jiwe ndani ya shimo lenyewe. Copernicus ilikuwa miongoni mwa mahali palipofikiriwa kwa ajili ya safari za mwisho za Apollo, lakini safari hizo zilifutwa mwaka 1970, na hadi leo hakuna mguu uliokanyaga sakafu ile. Mwaka 2020 wataalamu wa Japani, wakiongozwa na Kentaro Terada, walihesabu vishimo vidogo juu ya mashimo makubwa kwa picha za chombo cha Kaguya na kupendekeza kwamba mashimo kadhaa ya mwezi yalichimbwa wakati mmoja na Copernicus, kama kwamba kundi zima la asteroidi lilipita.

Isije ikaonekana kwamba nimeinyima mwezi volkano zake. Zipo, na mojawapo ya familia zake ziko jirani na Copernicus. Magharibi yake, karibu na shimo dogo liitwalo Hortensius, kuna kundi la vilima sita vya mviringo, vifupi, vyenye miteremko ya upole na kimo cha mita mia chache tu, na juu ya vilima hivyo kuna vishimo vidogo. Hao ndio jamaa wa kweli wa Nyiragongo: shimo liko kileleni, kilima kimejengwa kutoka chini. Havina fahari, na kwa darubini yetu hatutaviona leo. Linalovutia macho si la moto, na la moto halivutii macho. Upo pia mtego wa kinyume. Kusini-mashariki mwa Copernicus kuna kishimo kidogo, Copernicus H, kilichozungukwa na madoa meusi, nacho kwa miaka mingi kilidhaniwa kuwa tundu la volkano lililotema majivu. Kumbe ni kimondo kidogo kilichotoboa vifusi vyeupe vya Copernicus na kuirusha nje lava nyeusi iliyokuwa imefunikwa chini yake. Kipi kimelala juu ya kipi: swali ni lilelile.

Na kwa wanaouliza kama lava ya mwezi inaweza kutoka tena, kwa vile swali hilo hapa halikosekani: Desemba 2020 chombo cha China, Chang'e 5, kilileta kilo 1.7 za mawe kutoka upande wa kaskazini wa Bahari Kuu ya Dhoruba, na mwaka 2021, uleule ambao sisi tulikuwa tukiikimbia lava kwenda mji wa jirani wa Sake tukiwa na magodoro kichwani, vipimo vilionyesha kwamba basalti ile iliganda miaka bilioni 2 iliyopita. Huko wanaweza kulala.

Neno la mwisho kabla ya kutoka linahusu nchi yetu. Katika uwanda wa Kundelungu, Katanga, kaskazini mwa Lubumbashi, kuna mahali paitwapo Luizi, ambapo vilima vimepangana kwa mizingo. Mwaka 2011 Ludovic Ferrière pamoja na wenzake, wakiwemo François Lubala na Pierre Kaseti, walichapisha ushahidi kwamba Luizi ni shimo la kimondo lenye upana wa kilomita 17 hivi. Hawakutegemea umbo, kwa sababu mvua na mito zimelila. Walitegemea mawe: mwamba uliopasuka kwa umbo la koni, na punje za kwarzi zenye mistari myembamba ya mshtuko, alama ambazo hakuna volkano inayoweza kuziandika. Luizi lingekuwa mwezini, pasipo mvua wala mto, lingekuwa bado na ukingo mkali, nasi tungelihesabu miongoni mwa mashimo madogo tu ya mtaa wa Copernicus. Lipo hapa, na wengi katika ukumbi huu ndiyo kwanza wanalisikia.

Basi tutoke. Mwezi sasa uko karibu na utosi. Simameni uso ukielekea Nyiragongo, mwinue vichwa, nanyi mtaona upande wenye giza ukiwa kulia kwenu. Copernicus iko kwenye mwanga, karibu na mpaka wa giza, chini kidogo ya katikati. Wenye darubini za macho mawili wataona duara lenye nusu ya kivuli. Katika darubini kubwa picha hugeuka, msishangae. Ukingo wa mashariki ndio wenye kivuli, vilele vya katikati ni nukta mbili tatu za mwanga, na Eratosthenes liko upande wa kushoto. Msiguse miguu ya darubini. Taa za uwanja tumekwisha kuzizima wenyewe, na umeme ukikatika leo hakuna atakayelalamika. Watoto watangulie.